Mwenye Makubwa wa Nchi ya Afadhali

Ramani haziionyeshi nchi ya Afadhali, na wenyewe hawajawahi kulalamika, kwa kuwa kulalamika kwao ni kosa. Sitawachosha kwa habari za njiani, mto gani ulivukwa na miguu ilivimba mara ngapi. Mtu akitaka habari za barabara awaulize madereva. Mimi nina habari za watu, na ninazisimulia kama nilivyozipata kwa aliyekwenda mwenyewe, Msabaha fundi saa, ambaye si mtu wa kutia chumvi. Ukimpelekea saa iliyokufa hukwambia imekufa, hata kama ni ya babu yako na machozi yanakulengalenga.

Msabaha alifiwa na mkewe, Mwanakombo, baada ya miaka thelathini na mmoja ya ndoa. Siku ya mazishi alitaka kulia. Mdomo ulikuwa umekwisha kuanza kumcheza, ndipo shemeji yake alipomshika bega na kumnong'oneza, "Jikaze, shemeji. Wewe ndiye mwanaume hapa, watoto wanakutazama." Watoto wenyewe walikuwa watu wazima wenye ndevu. Msabaha akajikaza. Ilipofika arobaini watu walikula pilau, wakakunja mikeka, wakamwambia sasa yamekwisha. Kwao yalikuwa yamekwisha kweli. Yeye alibaki na donge kooni lisilomezeka wala kutemeka. Mikono ikaanza kumtetemeka, akawa akifungua saa hawezi kuifunga. Na kila asubuhi alitenga vikombe viwili vya chai, maana marehemu alikuwa na desturi ya kumpozea chai kwa kuimimina kutoka kikombe hiki hadi kile. Siku hizi alikaa tu akavitazama mpaka vikapoa vyenyewe, kisha akaimwaga.

Shemeji yuleyule ndiye aliyemletea habari za Afadhali. "Kuna nchi watu wake hawalii hata kidogo," alimwambia. "Nenda ukajifunze wanavyofanya, unatutia aibu." Msabaha alikuwa amefika mahali pa kujaribu chochote. Akaenda.

Mpakani alipokewa na karani aliyeitwa Bwana Tosha, mtu nadhifu, mwenye koti lililopigwa pasi hadi kwenye vifungo. Karani alichovya kalamu akamuuliza, "Habari?"

"Nzuri," Msabaha alijibu, kama ambavyo wewe na mimi tungejibu hata nyumba ikiwa inaungua nyuma yetu.

Karani akaridhika. Daftari lake lilikuwa na safu mbili tu, moja ya jina na moja ya hali, na kwenye safu ya hali neno "njema" lilikuwa limekwisha kupigwa chapa kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Msabaha, ambaye kazi yake ni kuangalia vitu vidogo, aliliona hilo akauliza mtu akijibu vingine huandikwa wapi.

"Vingine vipi?" karani aliuliza, na uso wake haukuwa na utani.

Kutoka hapo mgeni alipelekwa moja kwa moja kwenye Ofisi ya Mizani, jengo kubwa kuliko msikiti na kanisa la nchi hiyo vikiunganishwa. Juu ya mlango imechongwa sheria yao ya kwanza, ambayo watoto huikariri kabla ya kujua kuhesabu: *Halii mtu ambaye yuko mwenzake mwenye makubwa zaidi*. Wana sheria nyingine mia tatu, lakini zote ni watoto na wajukuu wa hiyo moja. Humo ndani kila msiba wa kila raia umepimwa na kupewa daraja. Aliyeumwa jino yuko chini ya aliyeng'oka jino, aliyeng'oka jino yuko chini ya aliyevunjika taya, na kila mmoja hupewa kadi ya kubeba mfukoni, Kadi ya Mwenzio, yenye jina na anwani ya mtu aliyepatwa na kubwa kidogo kuliko lake. Moyo ukikuelemea, unatoa kadi na kuisoma. Ukimaliza kuisoma unasema "afadhali" kwa sauti, ili walio karibu wasikie kwamba umepona.

Walimpima Msabaha. Mke mmoja, amekufa kitandani, kwa maradhi yanayojulikana, watoto wamekwisha kukua. Daraja la nne. Mkuu wa Ofisi, Mheshimiwa Shukurani, mtu mnene mwenye sauti ya upole iliyomchukiza Msabaha tangu neno la kwanza, alimkabidhi kadi kwa mikono miwili.

"Mwenzio amefiwa na wake wawili," alisema. "Umeona sasa? Ukilia wewe mwenye mmoja, yeye afanye nini? Si utakuwa unamwibia?"

Msabaha hakuona jinsi ya kumwibia mtu machozi, lakini alikuwa mgeni, na mgeni hujibu anavyotakiwa. Akasema afadhali.

Siku hiyo Baraza lao lilikuwa linakutana jengo la pili, akaruhusiwa kusikiliza. Hoja iliyokuwa mezani ilikuwa na umri wa miaka miwili: je, aliyefiwa na mtoto mmoja huku amebakiwa na saba ana uzito zaidi kuliko aliyefiwa na mbuzi wake wa pekee? Upande mmoja ulisema mtoto ni mtoto. Upande wa pili ulisema saba ni wengi, na kwamba mwenye mbuzi sasa hana hata mmoja. Mjumbe mmoja mzee alipendekeza mwenye watoto aulizwe kama yule aliyekufa alikuwa mtiifu. Wote wawili, mwenye mtoto na mwenye mbuzi, walikuwa wamekaa kwenye benchi la nyuma tangu mwaka juzi wakisubiri kuambiwa nani asilie. Walikuwa wamezoeana, wanagawana karanga.

Kisha ukasomwa muswada wa wale wasio na msiba wowote. Maana hata huko wapo watu wanaoamka asubuhi wakakuta mwili mzito kama gunia lililonyeshewa, chakula hakina ladha, usingizi umewakimbia, na ukiwauliza wamepotelewa na nini hawajui. Mizani haiwezi kuwapima kwa kuwa hakuna cha kuweka juu yake. Hao hupewa cheti chenye muhuri, kinachosema "Hana Jambo". Mwaka uliopita watu kumi na wanne wenye vyeti hivyo walikuwa wameyakatisha maisha yao. Waziri alisimama akaliarifu Baraza kwamba hali ya afya nchini ni njema, kwa sababu katika mwaka mzima hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekufa kwa huzuni, waliokufa wote walikuwa wazima na vyeti vyao vinathibitisha. Wajumbe wakapiga makofi. Msabaha aliniambia alitafuta uso hata mmoja uliotahayari, asiuone. Mimi namwamini, na nina hasira hadi leo.

Alipangiwa kulala kwa mtu aitwaye Mbaruku, mfua mabati, aliyeishi na mkewe Zawena katika nyumba ya vyumba viwili. Mbaruku alikuwa mkarimu na mchangamfu kupita kiasi, wa namna ile ya kuchekea hata mlango. Kadi yake ya Mwenzio ilikuwa imechakaa kingo, imelainika kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Zawena hakumkaribisha mgeni. Alikaa kwenye kitanda kidogo pembeni, ana nguo za mtoto mchanga mapajani, anazikunja, anazikunjua, anazikunja tena.

"Mke wangu amechoka kidogo," alisema Mbaruku. Kisha, Zawena alipokwenda uani, akasema haraka haraka, kwa sauti ya chini, "Miezi miwili sasa. Tulipata mtoto. Yaani hatukumpata. Alizaliwa amekwisha kufa. Nilimpeleka mama yake Mizani, wakasema hakuwa na jina wala cheti, hakuwahi kupumua, kwa hiyo hajapotea mtu. Wakaandika sifuri. Hatuna hata daraja, bwana wewe. Mke wangu hali chakula. Hasemi."

"Na wewe?"

"Mimi njema," alisema Mbaruku, mkono umekwisha kuingia mfukoni kutafuta kadi.

Asubuhi Msabaha akaona kwa nini mwenyeji wake alikuwa anaogopa. Kila wiki Mkaguzi wa Hali hupita nyumba kwa nyumba, husimama mlangoni na kuuliza habari za asubuhi, na kila mtu wa nyumba hiyo hujibu "njema" kwa sauti isiyotetemeka. Mbaruku akajibu. Msabaha akajibu. Zawena akamtazama Mkaguzi kama mtu anayetazama ukuta. Mkaguzi akachora alama. Ilikuwa alama ya pili, maana mzazi husamehewa siku arobaini za kwanza. Ya tatu mtu huitwa Barazani, analetewa mtu mwenye msiba mkubwa kuliko yote nchini, anaonyeshwa, na baada ya kuonyeshwa huulizwa mara ya mwisho. Akishindwa kusema njema hapo, anapelekwa Nyumba ya Kimya, nyuma ya kilima. Msabaha aliuliza watu hutoka huko baada ya muda gani. Mbaruku akasema chai inapoa.

"Sema tu, mke wangu," alimbembeleza Zawena baada ya Mkaguzi kuondoka, amepiga magoti mbele yake. "Neno moja. Si lazima liwe kweli, nani kakwambia liwe kweli? Mimi husema kila siku." Zawena alikunja kinguo cha manjano, akakilaza juu ya vingine.

Ijumaa mchana ni siku yao ya kutazamana. Watu huvaa vizuri, hununua ndizi, na kila mmoja huenda kwa mwenzio wa kwenye kadi, humkalia mbele, humtazama vizuri, husema afadhali, humwachia ndizi na kurudi nyumbani. Aliyetazamwa naye huchukua ndizi zilezile na kwenda kumtazama wa kwake. Msabaha alikwenda kwa yule mfiwa wa wake wawili, bwana mmoja aliyevaa kofia mpya. "Karibu, nitazame," alisema yule bwana, akageuza uso upande wa mwanga ili mgeni asipate taabu. Msabaha akamtazama. Alitaka kumuuliza wale wake walikuwa wanaitwa nani, lakini tayari kulikuwa na mtu mwingine mlangoni mwenye ndizi. Anasema alijisikia nafuu kweli, na nafuu ile ilidumu mpaka kona ya kwanza ya barabara.

Ndizi zote za Ijumaa hatimaye huishia kwa mtu mmoja, kwa kuwa msururu lazima uwe na mwisho. Mtu huyo ni Mwenye Makubwa. Ndiye pekee katika Afadhali asiye na kadi, kwa sababu hakuna aliyempita, na ndiye pekee mwenye ruhusa ya kulia. Wamemjengea jumba. Wakati huo alikuwa mwanamke, Bi Chausiku, ambaye miaka ishirini nyuma mafuriko yalimchukulia mume, watoto wanne, nyumba na mguu wa kushoto katika asubuhi moja. Jina lake lilitajwa kwa kuinamisha kichwa. Akina mama wa Afadhali hawawaambii watoto wanaodeka kwamba zimwi linakuja, huwaambia, "Je, wewe ni Chausiku?"

Sasa, saa ya ukutani ya jumba hilo ilikuwa imesimama, na Ofisi ilikuwa imesikia kwamba mgeni ni fundi. Wakamtuma. Aliingia kwa adabu na mkoba wake, akitegemea kukuta giza na kwikwi. Alikuta mama mnene wa miaka hamsini na kitu, hina mikononi, amekaa uani na gongo lake la kutembelea anawagombeza kuku.

"Wewe mweupe, nimekuona! Mpishe mwenzio!" Kisha akamgeukia Msabaha. "Wewe ndiye wa saa? Karibu. Kama umekuja kunitazama, ngoja nichukue leso."

Leso ilikuwa juu ya kigoda, na ndani yake kitunguu kilichokatwa. Msabaha akakitazama kitunguu, akamtazama yeye. Bi Chausiku akacheka mpaka kuku wakatawanyika.

"Basi umejua," alisema. "Kaa, fanya kazi yako, nitakwambia. Wakati ule waliponileta hapa, nililia. Sikulia kama watu wanavyolia, nililia kama mnyama. Na sheria yao inamlazimisha kila anayeletwa kunitazama akae asikilize mpaka nimalize. Haruhusiwi kunikatiza wala kunipa kadi, maana kadi yangu haipo. Nikawaeleza. Huyu mwanangu alikuwa anaogopa vyura. Huyu alikuwa mwongo. Mume wangu alikuwa anakoroma. Nililia, wakasikiliza. Kesho nikalia, wakasikiliza. Mwaka wa tatu, siku moja hivi, nikaamka nina njaa."

"Umewasahau?"

"Nani kakwambia nimewasahau?" Kwa mara ya kwanza alikasirika. "Nawakumbuka kila siku ya Mungu. Lakini nawakumbuka huku nikila. Mimi, baba, ndiye mtu mzima wa afya nchi hii nzima, na ndiye wanayemletea watu waje kumwona kama mgonjwa."

Msabaha alimuuliza kwa nini hajasema. Bi Chausiku aliokota unyoya wa kuku akauchezea. Akasema Mheshimiwa Shukurani anajua, wakubwa wote wanajua, na walimwambia akisema nchi itakosa mtu wa kuizidi kwa taabu. "Na pia supu yao tamu," alisema. "Sitakudanganya. Nimekuwa mwoga mwenye kula vizuri." Halafu, kwa ghafla ile ya mtu asiyezunguka, akamuuliza, "Na wewe umefiwa na nani? Mikono yako inatetemeka."

"Mke. Lakini yamekwisha pita. Ni njema tu."

Bi Chausiku alimtazama tu, na Msabaha akajiinamia kwenye saa akiwa na aibu asiyoielewa. Alipopata sauti alimweleza habari za Zawena, zile nguo, sifuri ya Mizani, alama mbili. "Watamleta kwako," alisema. "Na wewe utalia na kitunguu chako, naye atapelekwa nyuma ya kilima."

Alama ya tatu ilichorwa Jumatatu, na Jumanne Zawena akaletwa Barazani. Watu walijaa. Mwenye mtoto na mwenye mbuzi walisogea kwenye benchi ili Mbaruku apate kukaa. Mheshimiwa Shukurani alisoma shauri kwa sauti yake ya siagi, akasema nchi haina kinyongo na binti huyu, inamtakia mema tu, na kwamba ni mdogo, atazaa wengine, na hata hivyo kilichopotea ni sifuri kwa mujibu wa kumbukumbu. Kisha akaashiria, na Bi Chausiku akaingizwa juu ya kiti chake kirefu, leso mkononi.

"Mtazame, bibi," alisema Mkuu. "Wanne. Na mume. Na mguu. Wewe una nini?"

Ilikuwa zamu ya Bi Chausiku kulia. Badala yake aliiweka leso mezani mbele ya Mkuu, kitunguu kikabingirika hadi kwenye makaratasi. Akachukua gongo, akateremka kwenye kiti kirefu kwa shida, hakuna aliyethubutu kumsaidia wala kumzuia, akaenda akasimama mbele ya Zawena.

"Mwanangu," alisema, "alikuwa na nywele?"

Swali hilo halikuwa kwenye fomu yoyote. Zawena, ambaye hakuwa amesema neno kwa miezi miwili, alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Nyingi," alisema.

"Za nani? Zako au za baba yake?"

"Za baba yake. Zilianzia hapa." Akajigusa paji la uso. "Walimchukua upesi. Nilisema ngojeni nimvishe, wakasema haina haja."

"Mlikuwa mmempangia jina?"

"Haina jina, imeandikwa!" alisema Mkuu.

"Hidaya," alisema mtu kutoka benchi la nyuma. Alikuwa Mbaruku. Amesimama, kadi imemwanguka miguuni. "Anaitwa Hidaya. Alikuwa wa kike. Mkono wake ulikuwa hivi," akaonyesha kwenye kidole chake mwenyewe, na hapo hapo sauti ikamkatika, yule mtu mchangamfu wa kuchekea milango, akaanguka kwenye bega la mwenye mbuzi akalia kwa kelele. Zawena akamsikia mumewe. Machozi yake yalianza kimya kimya, kisha yakawa na sauti, kisha Bi Chausiku akawa amemkumbatia mzima mzima, kifuani, gongo limeanguka.

"Njema!" Mheshimiwa Shukurani alikuwa akipiga meza. "Semeni njema! Kuna mtu hapa ana makubwa zaidi!"

"Nani?" aliuliza Bi Chausiku, bila kumwachia Zawena. "Kama ni mimi, mimi sina tena. Niliyalia mwaka huo na uliofuata, mkanisikiliza, yakapungua ukali. Nina kuku kumi na saba na nalala vizuri. Nenda kwenye daftari lako ukatafute mwingine."

Baraza lilijadili jambo hilo siku tatu. Sitayarudia yote, hayana maana na mimi nina kazi. Uamuzi ulikuwa kwamba Bi Chausiku anaachishwa wadhifa kwa kosa la kupona bila kibali. Ama Zawena, alikuwa amelia, hilo halina ubishi, lakini sheria inakataza kulia kwa mtu ambaye yuko mwenzake mwenye makubwa zaidi, na kwa sasa kiti cha mwisho kiko wazi, kwa hiyo haijulikani nani kamzidi nani, na haiwezekani kumhukumu. Shauri likaahirishwa mpaka apatikane Mwenye Makubwa mpya. Bi Chausiku alifunga kuku wake kwenye matenga, akahamia kwa Zawena siku hiyohiyo. Zawena alimkaangia mayai. Zawena mwenyewe naye akala, moja na nusu.

Kuahirishwa huko ndiko kulikomletea Msabaha mtihani wake. Mheshimiwa Shukurani alimwita ofisini akamkalisha kwenye kiti chenye mto. Alikuwa amefikiri. Raia yeyote akipandishwa kwenye kiti kile, atakuwa na jirani anayejua kwamba si kweli. Mgeni, je? Nani atakwenda kuhakiki? Wangemwandikia mafuriko, au moto, watoto wangapi apendavyo. Angepata jumba, supu na saa aliyoitengeneza mwenyewe.

"Na utalia, Bwana Msabaha," alisema kwa upole. "Nimekuona. Unatafuta mahali pa kulia. Hapa utalia kwa mujibu wa sheria, kila siku, na hakuna atakayekwambia ujikaze. Watu watakaa wakusikilize mpaka umalize. Wapi kwingine utapata hayo?"

Msabaha hakunificha. Alitaka. Alikuwa ametoka kwao na donge lake, amelibeba mpaka mwisho wa dunia, na hapa kuna mtu anamwambia liteme, tena kwa heshima. Akauliza mtu wa kwanza kuletwa kumtazama atakuwa nani.

"Tutaanza na shauri lililoahirishwa," alisema Mkuu, akifungua jalada. "Yule binti wa sifuri."

Msabaha akalitazama lile jalada. Kisha akasimama.

"Mwanakombo hakufa ili nimfanye jiwe la mizani," alisema. "Tafuta mwingine."

Sauti ya siagi ikaisha hapo. Alipewa mpaka adhuhuri awe ametoka nchini. Alipita kwa Mbaruku kuaga, akamkuta ameketi mlangoni na mkewe, amemwekea kichwa begani, wote macho yamevimba. Mbaruku alimuuliza habari, akasita, halafu akasema, "Sisi bado vibaya," kwa namna ya mtu anayejaribu kiatu kipya. Zawena alimfungia Msabaha mayai manne ya kuchemsha kwenye kitambaa. Kilikuwa cha manjano.

Mpakani Bwana Tosha alikuwa palepale, koti lilelile, vifungo vilevile. Nyuma ya Msabaha kulikuwa na watu wanne au watano wa kutoka. Karani alifungua daftari, akachovya kalamu.

"Habari za kuondoka?"

Msabaha akafungua mdomo aseme neno lile. Halikuja. Lile donge lilikuwa limepanda hadi kwenye ulimi, na hapakuwa na nafasi ya vyote viwili.

"Mbaya," alisema.

Karani akatafuta mahali pa kuandika. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akafunua mpaka jalada la nyuma, na kote palikuwa pamekwisha kuandikwa njema. Kalamu ilidondosha wino juu ya koti lake lililopigwa pasi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akalifunga daftari polepole na kuliweka chini ya meza.

"Mbaya vipi?" aliuliza, na safari hii alikuwa anataka kujua.

Msabaha akamwambia habari za vikombe viwili. Akamwambia jinsi Mwanakombo alivyokuwa akiinua kimoja juu kabisa, chai ikashuka kama uzi, hata tone lisimwagike, na jinsi alivyokuwa akimcheka kwa ulimi wake mwepesi usioweza moto. Alianza kulia alipofika kwenye uzi wa chai, na hakujikaza. Karani alimsogezea kigoda. Wakati anasimulia, watu walizidi kuja na kusimama nyuma yake, yule bwana mwenye kofia mpya akiwamo, na wengi wao hawakuwa na mzigo wala safari ya kwenda popote. Hakuna aliyesema aharakishe. Mmoja alikuwa akikunja vidole kwa kungoja zamu yake.

Msabaha amerudi kwao, saa anazifungua na kuzifunga. Foleni ile sijasikia kama imekwisha.